Ireland kwa baiskeli: Njia nzuri zilizozaliwa na miaka mibaya

Na Mwandishi Wetu

NI nadra kwa kitabu cha mwongozo wa utalii kumweleza msomaji kwa nini barabara fulani ilijengwa. Huelezwa urefu wake, mandhari yake na nyumba za wageni zilizo kandoni mwake, basi. Kwa upande wa Ireland, kisiwa ambacho waendesha baiskeli wa Ulaya wamekisifu kwa miaka mingi, upungufu huo ni mkubwa, kwa kuwa njia nyingi zinazopendwa huko hazikujengwa kwa ajili ya mtalii. Moja ilichongwa na jeshi ili kuwasaka waasi. Nyingine zilitengenezwa na watu wenye njaa waliolipwa senti chache kwa kuvunja mawe. Baadhi ni matuta ya reli zilizokufa.

Makala haya yanazieleza njia hizo kwa msomaji anayefikiria kwenda, na pia kwa yule ambaye hatakwenda lakini angependa kujua kinachowapeleka wenzake huko.

Kwanza, nchi yenyewe. Kisiwa cha Ireland kina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 84,000. Sehemu kubwa ni Jamhuri ya Ireland. Kona ya kaskazini mashariki ni Ireland ya Kaskazini, iliyo chini ya Uingereza. Milima si mirefu. Kilele cha juu kabisa, Carrauntoohil katika kaunti ya Kerry, hakifikii mita 1,050. Hata hivyo milima hiyo imeizunguka nchi kama ukingo wa sinia, na katikati kuna tambarare ya malisho, maziwa na vinamasi. Kwa hiyo anayependa kupanda na kushuka huelekea pwani, na anayetaka mwendo laini hubaki katikati.

Kisiwa hiki pia kina haki ya pekee katika historia ya baiskeli. Ni mjini Belfast, mwaka 1888, ambako daktari wa mifugo mzaliwa wa Scotland, John Boyd Dunlop, alipata hataza ya tairi ya kujazwa upepo, baada ya kuijaribu kwenye baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Mwaka uliofuata uzalishaji wa tairi hizo ulianza Dublin. Karne moja baadaye, mwaka 1987, Stephen Roche wa Dublin alishinda Giro d'Italia, Tour de France na ubingwa wa dunia katika msimu mmoja, jambo ambalo kabla yake lilikuwa limefanywa na Eddy Merckx peke yake kwa upande wa wanaume. Sean Kelly wa Carrick-on-Suir naye alishinda Paris–Nice mara saba mfululizo, 1982 hadi 1988. Tour de France ya mwaka 1998 ilipoanzia Dublin, ilipitishwa katika mji wa Kelly kwa heshima yake.

Barabara ya askari

Mgeni anayefikia Dublin hana haja ya kwenda mbali. Kusini mwa jiji kuna milima ya Wicklow, na ndani yake ipo barabara ambayo hadi leo inaitwa Barabara ya Kijeshi.

Baada ya uasi wa mwaka 1798 dhidi ya utawala wa Waingereza, mabaki ya waasi yalijificha katika milima hiyo, ambako farasi na mizinga ya serikali haikuweza kufika. Serikali ikaamua kupeleka barabara. Ujenzi ulianza mwaka 1800 na kumalizika 1809, kutoka Rathfarnham karibu na Dublin hadi Aghavannagh, pamoja na kambi za askari njiani. Kufikia wakati huo waasi walikuwa wamekwishajisalimisha. Barabara ilibaki, ikipita juu ya kinamasi ambako hakuna kijiji wala duka kwa kilomita nyingi.

Ndiyo sababu waendesha baiskeli wanaipenda. Inapanda taratibu hadi Sally Gap, takriban mita 500 juu ya usawa wa bahari, ambapo njia nne hukutana katikati ya nyika ya rangi ya kahawia. Anayekwenda kusini hushuka kando ya maporomoko ya Glenmacnass hadi Laragh, kisha Glendalough, penye magofu na mnara wa monasteri iliyoanzishwa na Mtakatifu Kevin katika karne ya 6. Mwenye miguu mizuri huenda na kurudi Dublin kwa siku moja. Ukungu hushuka bila taarifa katika eneo hilo, hata Julai, na koti la mvua si la kuacha hotelini.

Mawe ya wakati wa njaa

Kuanzia mwaka 1845 ugonjwa uliharibu viazi, chakula kikuu cha maskini wa Ireland. Njaa Kuu iliyofuata, hadi 1852, iliua watu wapatao milioni moja, na wengine zaidi ya milioni moja walihama nchi. Serikali ya wakati huo haikutaka kutoa chakula bure. Iliwapa wenye njaa kazi za umma, nyingi zikiwa za barabara, na mwezi Machi 1847 watu zaidi ya 700,000 walikuwa katika vibarua hivyo. Baadhi ya barabara hazikuwa na mahali pa kwenda. Ziliishia mlimani au kwenye kinamasi pale fedha zilipokwisha.

Healy Pass, katika rasi ya Beara kusini magharibi, ni mojawapo ya zile zilizokuja kumalizika. Ilianzwa mwaka 1847 kama kazi ya wenye njaa, ikaachwa, ikaendelezwa tena mwaka 1928 na kufunguliwa 1931. Inavuka milima ya Caha kutoka Adrigole, kaunti ya Cork, hadi Lauragh, kaunti ya Kerry, na kufikia mita 334. Namba hiyo haitishi. Kinachomvutia mpandaji ni jinsi barabara inavyojikunja kwenye mawe matupu kama kamba iliyotupwa, hata akiwa chini huona kona zote atakazozipitia. Mteremko wake si mkali, kwa kuwa ilipimwa kwa mikokoteni. Mwenye baiskeli ya gia za kawaida ataumudu asipoharakisha.

Kwa maoni ya mwandishi, Beara ndiyo rasi ya kuchagua kama msafiri ana nafasi ya kuona moja tu. Mzunguko wake mzima ni karibu kilomita 140, ambazo ni busara kuzigawa kwa siku mbili au tatu. Magharibi kabisa kuna Allihies, kijiji cha nyumba za rangi nyingi kilichokuwa na machimbo ya shaba katika karne ya 19. Magari ni machache.

Jirani yake, Ring of Kerry, una jina kubwa zaidi na shida kubwa zaidi. Ni mzunguko wa takriban kilomita 179 kuizunguka rasi ya Iveragh, na wakati wa kiangazi mabasi ya watalii huujaza. Kwa desturi mabasi hayo huzunguka kinyume cha saa, kutoka Killarney kupitia Killorglin. Mwendesha baiskeli akifuata upande huo huo, yatampita nyuma siku nzima. Akienda upande wa pili, atakutana nayo uso kwa uso katika kona nyembamba. Njia ya kuepuka yote mawili ni kuondoka barabara kuu baada ya Cahersiveen na kuingia Skellig Ring, kupitia Portmagee na Ballinskelligs, ambako barabara ni kali na nyembamba mno kwa mabasi. Kutoka hapo huonekana visiwa vya Skellig, na juu ya kile kikubwa kuna vibanda vya mawe vya watawa vilivyoingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1996.

Rasi ya tatu ni Dingle. Mzunguko wa Slea Head, karibu kilomita 47, unatosha kwa siku moja ya polepole, na mbele yake ni visiwa vya Blasket ambavyo wakazi wake wa mwisho waliokuwa wakiishi kisiwa kikuu walihamishwa mwaka 1953. Hapa mgeni ajue kwamba ameingia eneo la wazungumzaji wa Kiairishi. Vibao vya majina ya mahali vimeandikwa kwa lugha hiyo pekee, na aliyebeba ramani ya Kiingereza anaweza kuupita mji anaoutafuta. Dingle yenyewe kwenye kibao huitwa An Daingean au Daingean Uí Chúis. Kwa Kiairishi barabara ni bóthar, neno lililotokana na bó, yaani ng'ombe. Na vichochoro vya mashambani, vyenye nyasi katikati na ukuta wa mawe kila upande, huitwa kwa umbo dogo la neno hilo hilo. Vichochoro hivyo ndivyo vinavyomfaa mwendesha baiskeli kuliko barabara zote.

Kutoka Kerry, kivuko cha Tarbert hadi Killimer humvusha msafiri mdomo wa mto Shannon kwa dakika 20 na kumweka katika kaunti ya Clare. Huko wengi hukimbilia magenge ya Moher, yenye urefu wa hadi mita 214, lakini barabara ya kuyafikia ina mabasi mengi. Kaskazini yake, eneo la Burren lina utulivu zaidi: vilima vya chokaa ya kijivu, karibu bila udongo, na barabara ya pwani inayozunguka Black Head mpaka Ballyvaughan.

Zaidi kaskazini, kwenye mpaka wa Galway na Mayo, kuna barabara ambayo haifai kupitwa bila kujua. Ni ile ya bonde la Doolough, kutoka Louisburgh kuelekea Delphi. Tarehe 30 na 31 Machi 1849 mamia ya watu wenye njaa waliokuwa Louisburgh wakiomba msaada waliambiwa wakaonekane mbele ya wakaguzi kwenye nyumba ya Delphi, umbali wa takriban kilomita 19. Walikwenda kwa miguu, katika baridi. Walipofika hawakupewa kitu, wakaamriwa kurudi. Wengine walifia njiani. Idadi yao inabishaniwa hadi leo. Msalaba wa jiwe umesimamishwa kando ya lami, na kila mwaka watu huitembea njia hiyo kwa kumbukumbu. Kwa baiskeli ni safari ya saa moja na kitu, kando ya ziwa jeusi lililobanwa na milima, na ni miongoni mwa sehemu nzuri kabisa za nchi.

Treni ya kwanza na ya mwisho

Katika kaunti hiyo ya Mayo ndiko kuna njia ya kijani iliyobadili fikra za Ireland kuhusu baiskeli. Great Western Greenway, iliyokamilika mwaka 2011, ina urefu wa takriban kilomita 42 kutoka Westport kupitia Newport na Mulranny hadi Achill. Haina magari. Inafuata tuta la reli, na kwa kuwa treni haipandi milima mikali, mtoto wa miaka kumi anaweza kuimaliza kwa siku.

Reli hiyo ilijengwa miaka ya 1890 kwa msaada wa serikali, kufungua wilaya maskini za magharibi. Watu wa Achill walikuwa wakivuka kila kiangazi kwenda Scotland kuvuna viazi vya wengine. Mwezi Juni 1894 mashua iliyokuwa ikiwapeleka vijana kwenye meli huko Westport ilipinduka katika ghuba ya Clew, na 32 walikufa maji. Reli ilikuwa bado haijafunguliwa rasmi kufika Achill, lakini treni maalumu ilipitishwa kurudisha maiti. Septemba 1937, vijana kumi wa Achill waliokuwa katika kazi ile ile ya viazi waliungua kwa moto wakiwa wamelala katika kibanda cha vibarua huko Kirkintilloch, Scotland. Miili yao nayo ilirudi kwa treni, siku chache kabla ya reli kufungwa moja kwa moja.

Wenyeji husimulia kwamba mtabiri wa karne ya 17, Brian Rua, alikwisha kusema kuwa magari ya magurudumu ya chuma yatakuja Achill, na kwamba safari ya kwanza na ya mwisho yatabeba wafu. Msomaji ataamua mwenyewe. Makaburi ya misiba yote miwili yapo Kildavnet, kusini mwa kisiwa, na anayemaliza njia ya kijani akiwa bado na nguvu anaweza kuyafikia kwa barabara ya pwani.

Ardhi ni ya nani?

Jambo ambalo mgeni halioni ni kwamba reli ilipofungwa, sehemu kubwa ya tuta lake iliingia mikononi mwa wakulima. Huko Mayo njia ya kijani ilipatikana kwa hiari: wenye mashamba walikubali watu wapite bila kuuza ardhi yao. Mafanikio yake yalizifanya kaunti nyingine zitake njia kama hiyo, na hapo ndipo ugomvi ulipoanza.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa kusini mwa Kerry, kwenye reli ya Farranfore hadi Valentia Harbour iliyofungwa mwaka 1960. Baadhi ya wakulima walikataa, wakisema njia itakata mashamba yao vipande viwili na kuwaletea wageni mlangoni. Halmashauri ya kaunti iliomba kutwaa ardhi kwa lazima na kulipa fidia, bodi ya mipango ikaridhia mwezi Novemba 2020, na shauri likapelekwa mahakamani. Wakulima waliitwa wapinga maendeleo. Nao waliuliza kwa nini ardhi ya mtu ichukuliwe kwa ajili ya mapumziko ya mwingine. Si swali la kipuuzi katika nchi ambayo kumbukumbu ya kufukuzwa na makabaila haijafutika.

Ambako ardhi ilibaki ya umma mambo yalikuwa mepesi. Njia ya Waterford hadi Dungarvan, kilomita 46, ilifunguliwa mwaka 2017 juu ya reli iliyoacha kubeba abiria mwaka 1967. Ina madaraja marefu ya matao, handaki la mita 400 lenye majani yanayotiririka maji mlangoni, na pale Kilmacthomas inapita jirani na jengo lililokuwa nyumba ya maskini. Njia ya mfereji wa Royal Canal, kilomita 130 kutoka Maynooth hadi kaunti ya Longford, ilifunguliwa 2021. Mjini Mullingar inaungana na njia nyingine ya reli ya zamani iendayo Athlone, ambako daraja la baiskeli juu ya mto Shannon lilifunguliwa mwaka 2023. Mandhari ya huko ni maji, ng'ombe na milango ya mfereji, na baada ya siku mbili inaweza kumchosha mtu aliyekuja kutafuta bahari.

Mashuhuri upande wa Kaskazini ni barabara ya pwani ya Antrim, iliyojengwa kati ya 1832 na 1842 chini ya mhandisi William Bald. Badala ya kupanda milima alilipua magenge, mawe yakaanguka ufukoni, na juu yake akapitisha barabara. Kwa sababu hiyo kutoka Larne hadi Cushendall ni tambarare, mawimbi yakiwa hatua chache tu kutoka tairi. Baada ya hapo njia ya Torr Head ni kali kweli kweli. Giro d'Italia ilipita katika pwani hiyo Mei 2014. Mwisho wake ni Giant's Causeway na nguzo zake zipatazo 40,000 za mawe ya volkano.

Upepo, mvua na sheria

Wild Atlantic Way, njia ya kitalii ya kilomita 2,500 iliyozinduliwa mwaka 2014, huunganisha Kinsale na Malin Head. Iliwekewa alama kwa kufikiria magari, lakini waendesha baiskeli huifuata vipande vipande. Vibao vyake vina mchoro wa wimbi na herufi ya kusini au kaskazini. Chagua kaskazini. Upepo wa Atlantiki kwa kawaida huvuma kutoka kusini magharibi, na anayeanzia kusini huwa nao mgongoni. Anayeanzia Malin Head huenda akapigana nao kwa wiki tatu.

Mvua hunyesha takriban siku 150 kwa mwaka upande wa mashariki na 225 upande wa magharibi. Miezi ya kufaa ni Mei hadi Septemba. Juni jua huchelewa kutua hadi saa nne usiku.

Magari hupita kushoto, kama Tanzania, Kenya na Uganda. Baiskeli hairuhusiwi kwenye barabara kuu za kasi zenye alama ya M. Barabara za N zina malori. Za R na L ndizo za kutumia. Kwa muda mrefu gari liliruhusiwa kwenda kilomita 80 kwa saa kwenye vichochoro vya mashambani visivyo na nafasi ya kupishana. Februari 2025 kiwango hicho kilishushwa hadi 60 katika Jamhuri. Hata hivyo michongoma mirefu huziba kona, na nguo ya rangi kali inasaidia kuliko kibao chochote. Kofia ngumu hailazimishwi na sheria; taa usiku ni lazima. Achill na Connemara kondoo hulala barabarani, hasa jioni lami inapokuwa na joto.

Treni hubeba baiskeli, lakini nafasi ni chache na inapasa kuziwekea oda mapema, hasa zile za kwenda Westport na Killarney. Baiskeli za kukodi, zikiwamo za umeme, hupatikana kwenye njia zote kubwa za kijani.

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda anahitaji viza ya Ireland. Viza hiyo haimruhusu kuingia Ireland ya Kaskazini, ambako hutakiwa viza ya Uingereza, ingawa mpakani hakuna geti wala askari wa kumzuia. Anayefuata pwani kutoka Donegal kwenda Antrim kwa baiskeli atajua amevuka pale tu vibao vya mwendo vitakapobadilika kutoka kilomita kwenda maili.